Mkono wa Mama Ndani ya Sidii

Ngozi ya mbuzi ikianza kupata joto la moto hutoa harufu ya peke yake, kitu kati ya jasho la mnyama na maziwa yaliyoungua. Wiki chache zilizopita nilikuwa kwenye harusi hapa Ihumwa, nafunga spika, na upepo ukaileta harufu hiyo kutoka nyuma ya turubai. Kikundi cha akina mama kilikuwa kimewasha majani makavu na kuziinamisha ngoma zao juu ya moto ili ngozi zikaze. Nilisimama na waya mkononi kwa muda mrefu kiasi kwamba mshereheshaji aliniita, "Vipi fundi, umepigwa shoti?"

Sikupigwa shoti. Nilikuwa nimerudi utotoni, kijijini kwetu upande wa Mpwapwa.

Mimi ni fundi wa sauti. Ukiingia ukumbi wa maana hapa Dodoma ukasikia msemaji anasikika hadi kiti cha nyuma bila mwangwi, ujue huenda ni kazi yangu. Nilikwenda Afrika Kusini na begi moja, nikasuka nywele za watu mchana na kusoma jioni, nikarudi na stashahada ambayo nimeitundika sebuleni mahali ambapo mgeni hawezi kuikwepa. Sebule yenyewe nimeijenga mimi, bila mume wa kuongeza tofali na bila mjomba serikalini. Watu wakisema nimejitengeneza mwenyewe sikatai, maana ni kweli na nilifanya kazi nzuri. Lakini masikio haya yanayonilisha ugali kuna watu waliyaandaa kabla mimi sijajua kuyatumia. Miongoni mwao ni wanamuziki watatu wa jazi ambao sijawahi kuonana nao, mmoja wa piano, mmoja wa besi kubwa ya kusimama, mmoja wa ngoma. Sidii yao moja ilifika kijijini kwetu nikiwa mtoto, na kwa kipindi kizima cha utoto wangu niliamini kwamba mkono wa mama yangu umo ndani yake.

Kwa ambao hawakukulia kwetu, kuna jambo lazima mlijue. Kwa sisi Wagogo ngoma ni ya akina mama. Mwanaume ataimba, ataruka, atapiga zeze au marimba ya mkononi, lakini ngoma hukaa kati ya mapaja ya mwanamke na mikono inayoishukia ni ya mwanamke. Hatukufundishwa hivyo darasani. Tulijua tu, kama tunavyojua kwamba mbuzi hana manyoya ya kuku. Na katika kijiji chetu ngoma kuu ilikuwa ya mama. Mkono wake wa kulia ulitajwa na watu ambao hawakujua hata jina lake.

Mgeni alikuja kiangazi, mavuno yakiwa yamekwisha kuingia ndani. Alikuwa Mzungu mrefu na mpole, aliyepiga chafya kila vumbi lilipoinuka, na kwetu vumbi halina habari ya kukaa chini. Alitaka kurekodi kikundi cha akina mama. Mwalimu wa shule yetu ndiye aliyemtafsiria. Maiki yake ilikuwa imevikwa manyoya ya kijivu kuzuia upepo, nami nilidhani ni mnyama aliyelala. Nilimsubiri aamke tangu asubuhi hadi ngoma ya mwisho.

Walipomaliza, mgeni alimvika mama spika ndogo za masikioni ili ajisikie. Mama alishtuka, akazishika kwa mikono miwili, kisha akacheka kwa sauti ya mtu asiyejua kwamba anapaza sauti.

"Yesu wangu! Mkono wangu umo humu!"

"Angalia usiache na masikio humo humo," alisema shangazi Sechelela, dada yake baba, na kikundi kizima kikaangua kicheko. Kila mmoja akataka zamu. Mimi sikucheka. Niliangalia mkono wa mama, nikaangalia ile mashine.

Jioni ile mgeni alifungua milango ya gari lake na kuweka muziki wake mwenyewe. Mama alikuwa anapita na kuni, akasimama. Alisimama hadi wimbo ukaisha na kuni zikiwa bado kichwani.

"Huyo mama wa ngoma ametulia," alimwambia mwalimu. "Anasubiri mwenzake amalize ndipo naye aseme."

Mwalimu alimtafsiria mgeni kwamba mama ameupenda muziki, basi, hakuongeza neno. Kesho yake, kabla ya kuondoka, mgeni alikiachia kikundi redio kubwa yenye mahali pa sidii, na mama akapewa ile sidii mkononi mwake. Kwenye jalada palikuwa na picha ya dirisha lililo wazi na pazia linalopepea. Hapakuwa na sura ya mtu hata mmoja.

Mpaka leo sioni kosa katika hesabu yangu ya kitoto. Mama alipiga, mgeni akachukua, mama mwenyewe akatamka kwamba mkono wake umo mle, kisha mgeni akatoa sidii akampa. Ungekuwa wewe ungefikiri nini? Niliposikiliza, kila kitu kilikaa mahali pake. Piano niliichukulia kuwa marimba ya mtu mkubwa kuliko nyumba. Besi ilikuwa babu fulani anayeguna, anakubali kila anachoambiwa. Ngoma haikunipa taabu hata kidogo. Ilikuwa na mkwaruzo laini, shaa, shaa, kama uwele unaopepetwa kwenye ungo, na uwele nyumbani kwetu ulipepetwa na mama. Kwamba alipiga polepole kuliko kawaida yake nililielewa pia: alikuwa ugenini, na mama alikuwa mtu wa adabu.

Haukupita muda mama akachomwa na mwiba. Yeye na baba walikuwa wanaziba pengo kwenye zizi kwa matawi ya mgunga, mwiba ukaingia kwenye kiganja cha kulia, akauchomoa kwa meno akaendelea na kazi. Kipande kilibaki ndani. Mkono ukavimba, ukawa mwekundu na wa kung'aa, halafu uvimbe ukapanda kuelekea kwenye kiwiko. Mama akaanza kuongea maneno yasiyo na mpangilio. Baba akamweka kwenye baiskeli, wakaenda barabarani kungoja basi la Dodoma, na mimi nikabaki na shangazi Sechelela.

Baba alituma habari kwa mtu aliyekuwa anarudi kijijini. Nilikuwa nyuma ya ukuta nachambua mlenda, na watu wazima husahau kwamba ukuta wa udongo wa tembe una nyufa.

"Daktari anasema huenda mkono ukaondoka," yule mtu alisema.

"Uondoke uende wapi?" shangazi aliuliza, ingawa alikuwa ameelewa.

"Wataukata, Sechelela. Wasipoukata unaondoka na yeye mzima."

Niliendelea kuchambua mlenda. Hofu niliyokuwa nayo ilikuwa kubwa, lakini ndani yake palikuwa na upenyo mmoja, na upenyo huo ulikuwa redio. Mkono mwingine ulikuwepo. Ulikuwa salama, umekauka, hauna usaha. Kazi yangu ilikuwa kuutunza usife hadi mama atakaporudi kuuchukua, na mkono wa mpiga ngoma usiopiga ngoma hufa, hilo nililijua bila kuambiwa na mtu.

Kwa hiyo kila siku, jua likianza kupoa, niliiweka sidii ile. Wenzangu wa rika langu mtakumbuka mateso ya betri. Redio ya sidii ilikula betri kubwa kubwa, tena kwa uroho. Zilipochoka, piano ilianza kuyumba na kukatika, nami nilizichomoa nikapanda juu ya paa bapa la tembe nikazianika juani pamoja na majani ya kunde, nikazigeuza ili ziive pande zote. Zilirudisha uhai kidogo. Nilipoona uhai wenyewe ni mdogo, nilijifunza kwenda moja kwa moja kwenye wimbo mmoja wa katikati. Humo piano hunyamaza, babu wa besi naye hunyamaza, na ngoma hubaki peke yake, chini sana, shaa, shaa, kama mtu anayetembea ndani ya nyumba yenye mtoto aliyelala. Nilibandika sikio kwenye spika. Ndipo nilipojifunza kusikia kitu kilichojificha nyuma ya vitu vingine. Chuoni baadaye walinishangaa jinsi nilivyoweza kutaja kila chombo na mahali kilipokaa, wakadhani ni kipaji. Ni kipaji, sikatai, lakini kilifanyiwa mazoezi juu ya betri zilizoanikwa.

"Mtoto wewe, redio hii inakula kuliko fisi," shangazi alinigombeza. "Na wimbo ni huo huo! Haina hata mtu anayeimba."

"Usipige kelele, shangazi, anapiga."

"Nani anapiga?"

Sikuwa na hakika kama jambo hilo linafaa kutajwa.

Lilitajwa siku aliyokuja mama Nyemo. Huyu alikuwa kiongozi wa kikundi, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kumrudisha ng'ombe aliyekwisha vuka korongo. Redio ilikuwa mali ya kikundi, na kikundi kilikuwa kimekubaliana izunguke nyumba kwa nyumba.

"Hodi humu!"

"Karibu. Shikamoo, mama Nyemo."

"Marahaba, mwanangu. Nimefuata redio. Mtunzaji wake hayupo, ikakae kwa mwingine kwanza."

Niliikalia. Niliikalia kabisa, nikaibana kwa mapaja kama ngoma.

"Inuka."

"Siinuki."

"Sechelela!" mama Nyemo aliita. "Mtoto wa mwenzetu ameanza kiburi lini?"

"Muulize mwenyewe," shangazi alijibu kutoka jikoni. "Mimi amenishinda."

Mama Nyemo aliinama akanitazama usoni. Nikasema yote kwa mkupuo. "Mkono wa mama umo humu. Ukiichukua, na ule wa hospitali wakiukata, atabaki na upi?"

Shangazi alitokea mlangoni na mwiko mkononi. Kuku aliingia, akatutazama wote watatu, akatoka.

Mama Nyemo aliketi sakafuni, taratibu, kwa sababu ya magoti yake. "Umeusikia wewe mwenyewe?" aliuliza.

"Kila siku."

"Hebu nami niusikie."

Nikamwekea ule wimbo wa katikati. Alifumba macho. Alisikiliza piano hadi ikanyamaza, akasikiliza ngoma ilipobaki peke yake, na hakuyafumbua hadi wimbo ulipoisha. Kisha akanyanyuka kwa kushika ukuta.

"Ni wake," alisema. "Nimepiga naye tangu tukiwa wasichana, siwezi kuukosea. Redio ikae hapa hapa. Na usianike tena betri, nitaleta mimi."

Alitoka nje akajifuta uso kwa upande wa khanga. Nilidhani ni vumbi. Aliitimiza kweli ahadi yake, akaleta betri mpya, zikiwa bado kwenye karatasi zake, na kila zilipokwisha alileta nyingine. Sijui alizipataje. Niliwahi kumuuliza nikiwa mtu mzima, akasema nimshukuru Mungu nisiwe mdadisi.

Mama alirudi akiwa amekaa nyuma ya baiskeli, baba akiisukuma. Nilikimbia kuwapokea, kisha nikasimama kabla sijafika. Mkono ulikuwepo. Ulikuwa mwembamba, umefungwa bandeji hadi juu ya kifundo, lakini ulikuwepo na ulikuwa na vidole vyote. Wanawake walipiga vigelegele. Shangazi Sechelela alimlaki njiani, akamkumbatia na kumnong'oneza kwa muda mrefu. Mimi sikufurahi bado. Vidole viwili vya mwisho vilikuwa vimekunjika na havikusogea, na nilijua kwa nini. Lile lilikuwa ganda tu. Mkono wenyewe ulikuwa ndani, juu ya kigoda changu.

Alipokwisha kunywa uji nilimletea redio.

"Mama, mkono wako nimekutunzia."

Aliniangalia kwanza mimi, halafu shangazi, halafu redio. "Weka," alisema.

Nikaweka. Mama alivuta kigoda karibu, akakilaza kiganja chenye bandeji juu ya spika, pole pole, kama unavyomgusa mtoto mwenye homa. Akatulia hivyo. Mtetemo ulikuwa unapita kwenye kitambaa, niliuona.

"Unauma?" nikamuuliza.

"Unawasha kidogo."

"Ndio unaingia?"

"Ndio unaingia."

Wimbo ukaisha. Akainua kiganja, akakitazama mbele na nyuma. "Haya, nimeuchukua. Asante, mwanangu."

"Wote?"

"Wote. Vidole viwili vimechoka safari. Hivyo vitakuja taratibu."

Havikuja. Lakini mimi niliondoka pale nikiwa mtu aliyekamilisha kazi kubwa, na sidhani kama tangu siku hiyo nimewahi kumkabidhi mteja kazi yoyote kwa fahari ya namna ile.

Wengi huniuliza niliujua lini ukweli. Uliniingia kidogo kidogo jinsi nilivyokua, hakuna aliyeniketisha kuniambia. Mgeni alituma baadaye rekodi halisi ya kikundi. Mama aliisikiliza mara moja, akasema wanapiga kelele, akarudi kwenye ile ya dirisha na pazia. Lakini jambo moja lilinisubiri hadi Cape Town. Nilikuwa nimeingia duka la sidii zilizotumika, karibu na chuo, nikaliona lile dirisha na pazia. Yetu haikuja na kijitabu cha ndani, lakini hii ilikuwa nacho, na picha za wanamuziki zilikuwemo. Mpiga ngoma, ambaye hapigi kwa mikono bali kwa brashi za waya mwembamba, alikuwa na miwani, na chini ya miwani ndevu za kufika kifuani. Nilicheka peke yangu hadi muuzaji akaja kuuliza kama niko salama. Jioni nikampigia mama.

"Mama, yule mama wa ngoma kwenye sidii yetu. Ni mwanaume."

"Mwanaume wa namna gani?"

"Wa kawaida. Ana ndevu."

"Anapiga ngoma? Mbele za watu?" Alifikiri sana, na mimi nikihesabu salio la simu. "Basi," alisema mwishoni, "atakuwa alikaa sana jikoni kwa mama yake."

Mama yupo, anakaa nami hapa Ihumwa, na hupenda kuwaambia wageni kwamba stashahada ni ya mtoto lakini masikio ni ya ukoo. Nami humwachia, maana nyumba ni yangu na nina uwezo wa kuwa mkarimu. Nina mengi ya kushukuru. Ila siku ninayoishukuru kuliko zote ni ile ambayo mama alichukua tena ngoma.

Ilikuwa harusi ya binti wa jirani. Bandeji ilikuwa imetoka, kovu limebaki, vidole viwili vimekunjika vile vile. Mama Nyemo alikuwa ameshampangia pa kusimama, upande wa waimbaji.

"Mama, imba tu leo," mama Nyemo alimwambia. "Mkono upumzike."

"Nipe ngoma yangu," mama alisema.

Walimpa. Aliibana kati ya mapaja, wakaanza. Mkono wa kushoto ulipiga kama zamani. Wa kulia ulipanda, ukashuka, na haukuruka. Kiganja hakikuweza tena kudunda, kilianguka na kubaki pale pale. Alijaribu tena, na tena. Nilimwona akiacha kujaribu. Kisha akafanya jambo ambalo sikuwahi kumwona mwanamke yeyote wa kwetu akilifanya: aliuburuta mkono juu ya ngozi, kwa mzunguko, akiutua kidogo mwishoni. Hakuna aliyesikia kitu. Ngoma nyingine zilikuwa zinanguruma, wanaume wanakanyaga na njuga miguuni, vumbi limetufikia kifuani.

"Yule anapiga ngoma au anampaka mtoto mafuta?" alisema mwanamke mmoja kijana kwenye mstari, na mwenzake akaficha kicheko begani.

Mama alisikia. Hakuinua kichwa, lakini mkono ulipungua mwendo, nami nikajua kwamba ukisimama sasa hautaanza tena.

Mama Nyemo akainua mkono wake juu. Kila kitu kikasimama, hata njuga. Nilifumba macho, maana nilidhani anakwenda kumnyang'anya ngoma.

"Nyie mnapiga mno," alisema. "Simsikii mwenzetu."

"Lakini mama Nyemo," yule mwanamke kijana alisema, "si ndivyo tunavyopiga siku zote?"

"Siku zote zimekwisha. Punguzeni."

Wakaanza upya, chini kidogo. Mama Nyemo akatikisa kichwa. "Punguzeni." Wakapunguza. Akawageukia wanaume. "Na nyie miguu yenu, mnamkanyaga nani?" Wanaume wakacheka, wakaanza kukanyaga kwa vidole kama watu wanaoingia nyumba ya mgonjwa. Akina mama walikuwa sasa wanapiga kwa ncha za vidole, wameinamisha vichwa, kila mmoja anamtafuta mwenzake kwa sikio, na katikati yao, laini, bila haraka, mkono wa mama ukasikika.

Shangazi Sechelela alikuwa amesimama nyuma yangu. Aliniinamia. "Unamsikia?" akaninong'oneza. "Unamsikia mama yako?"

Nikamwekea kidole mdomoni. Ilikuwa mara ya kwanza maishani mwangu kumnyamazisha mtu mzima, na hakunichapa.